Mchumaji wa miraa aliyeogopa kidonge cha pili

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Hezekiah Mithika amesimama pekupeku chini ya mti wa miraa, mkono mmoja kwenye shina, mwingine kifuani. Hapandi bado. Anasikiliza moyo wake kwanza, jinsi dereva anavyosikiliza injini asiyoiamini.

Umande haujakauka na gome linateleza. Akisharidhika, anapanda polepole huku akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Mluzi wenyewe si wa raha. Mkewe, Kananu, yuko jikoni, mita hamsini hivi kutoka hapo, na huo mluzi ndio unaomwambia kwamba mumewe yuko salama.

"Akinyamaza, mimi natoka mbio," anasema Kananu. "Hata kama chai inamwagika."

Mithika ana miaka 54 na amekuwa akipanda miti tangu utotoni, katika kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Maua. Yeye na ndugu zake waliachiwa na babu yao miti kumi na mmoja mikongwe, ile ambayo hapa huitwa mbaine. Mingine inapita mita sita. Ukimuuliza kwa nini asiipunguze urefu, anakutazama kama umetukana mtu. Mbaine ya babu haikatwi kichwa, na atakayethubutu ataulizwa na ukoo mzima.

Miaka miwili iliyopita, akiwa kwenye mti wa tatu siku hiyo, kifua kilimbana "kama mtu amenikalia na gunia ya viazi". Alishuka, akaketi, maumivu yakaisha. Kesho yake yakarudi. Katika kliniki ya mjini, tabibu Veronicah Kajuju alimweleza kwamba mishipa inayolisha moyo wake imekuwa myembamba. Akifanya kazi nzito, moyo unakosa damu ya kutosha, akipumzika, unatulia. Alimwandikia kidonge kimoja cha kupunguza mbio za moyo, akamkataza pia kutafuna miraa, kwa kuwa huuharakisha moyo. Mchumaji asiyetafuna! Wenzake walimcheka hadi wakachoka.

Kidonge hicho kilimfaa zaidi ya mwaka. Kisha, Machi mwaka huu, kifua kikaanza kubana tena, hata mara nne kwa wiki. Kajuju akaongeza kidonge cha pili, cha kulegeza mishipa, vyote viwili vimezwe kila siku. Hakumficha kitu. Alimwambia kwamba kuna wagonjwa wanaokaa miaka na dawa moja, kwamba ya pili huongezwa ile ya kwanza ikishindwa peke yake, na kwamba huenda miguu ikavimba kidogo au akapata kizunguzungu.

Mithika alisikia neno moja tu, kizunguzungu.

Ana sababu. Kaka yake mkubwa, Gitobu, aliteleza kutoka kwenye mojawapo ya mbaine hizo miaka tisa iliyopita, akakata roho kabla ya kufikishwa barabarani. Mithika ndiye aliyekuwa amembeba.

"Nikajiuliza, nikufe na kifua ama nikufe na kizunguzungu?" anasema. "Ya kifua nilikuwa nimezoea."

Basi akajitafutia njia yake. Miraa huchumwa kwa zamu: mti uliochumwa leo huachwa upumzike, ukachumwa mwingine. Akaona vidonge navyo viende hivyo hivyo. Siku za kupanda alimeza kile cha zamani. Siku za kukaa chini alikipumzisha, akameza kipya. Hakumwambia mtu, hata Kananu, na moyoni alijiona mjanja.

Wiki ya tatu, Jumanne asubuhi, mluzi ulikatika.

Kananu alimkuta amekumbatia tawi, uso umelowa jasho, hawezi kupanda wala kushuka. Akamwita. "Nilisema tu Mwathani, Mwathani," anakumbuka, akimtaja Mungu kwa Kimeru. Jirani yao Kailemia alipanda na kamba, akamfunga kwenye tawi asianguke, wakangoja. Zilipita kama dakika kumi kabla Mithika hajaweza kushuka, na akapelekwa kliniki moja kwa moja.

Kipimo kilionyesha kwamba moyo haukuwa umeumia. Kajuju akamwaga mezani vidonge ambavyo Kananu alikuwa amevibeba, akavihesabu. Vilivyobaki vilikuwa vingi mno. Mithika akakiri yote, hata habari ya zamu.

"Mzee, mti ukiupumzisha unachipuka," Kajuju alimwambia. "Moyo haupumziki, na dawa yake pia haipumziki."

Kisha akamweleza jambo ambalo hakulijua: kidonge kile cha kwanza kikiachwa ghafla, moyo unaweza kwenda mbio vibaya kuliko hata kabla ya dawa. Siku alizodhani anajilinda ndizo alizokuwa akijiweka hatarini.

Sasa ni wiki ya saba akimeza vyote viwili. Tabibu alianza kile cha pili upya kwa dozi ndogo, akaiongeza kidogo kidogo. Kizunguzungu kilikuja kweli, asubuhi akiinuka, na sasa huketi ukingoni mwa kitanda hadi kipite. Lakini kifua kimebana mara mbili tu mwezi huu. Kajuju bado anamsihi aachane kabisa na miti mirefu. Lakini siku moja ya kupanda humpa Mithika kama shilingi 700, na binti yao Karwirwa yuko chuo kikuu, kule Nchiru.

Kwa hivyo anapanda, na anaogopa. Anaogopa akiwa juu, anaogopa kanisani, anaogopa akiviona vidonge viwili kiganjani. Haoni aibu kusema.

Akishashuka leo, anazunguka nyuma ya nyumba kuonyesha kitu. Ni miche 120 ya miraa, aliyoipanda mwenyewe. Hii ataikata kichwa kila msimu isipite kifua chake, na hakuna wa ukoo wa kumuuliza. Itachukua kama miaka mitatu kabla ya kuchumwa vizuri. Anaomba hiyo mitatu tu.

Katika kuieleza, amesahau mluzi. Kananu anatokea mbio, mwiko mkononi, na kusimama anapomwona amechuchumaa kando ya mche usiofika goti.

"Mama Karwirwa, hii ikikua nitachuma nikiwa nimesimama chini," Mithika anamwambia. "Hata kizunguzungu ikinishika, nitaanguka urefu wangu tu."

Kananu hacheki. Anamwambia apige mluzi, kisha anarudi jikoni.