Fundi Sikio na Injini Asiyoisikia

Saa mbili asubuhi, ndani ya gereji yenye mlango wa bati, mwanamume wa miaka hamsini na tisa ameinama juu ya injini inayonguruma. Mpini wa bisibisi ndefu ameuuma kwa magego, ncha yake ameigusisha kwenye ubavu wa injini. Mkono mmoja unaishikilia isiteleze. Macho ameyafumba, mate yanamtiririka kidevuni, wala hana habari nayo.

Ndani ya gari, binti yake amekaa kwenye usukani na kompyuta mapajani. Amevaa hedifoni kubwa na anamtazama baba yake kupitia kioo cha mbele.

Ni gari la spoti, la milango miwili. Magurudumu yake ya nyuma yako juu ya roli za chuma ambazo fundi huyu aliziunda mwenyewe kwa breki za lori bovu. Roli zikibanwa, gari linavuta kana kwamba linapanda mlima, kumbe halijasogea hata hatua moja.

Hapa gerejini kila mtu humwita Sikio. Hata mkewe akiwa amenuna humwita hivyo hivyo. Jina alipewa ujanani, alipokuwa akisimama mlangoni na kuwatajia wenzake ugonjwa wa gari kabla halijaegeshwa.

"Walidhani nina mizimu," anasema, huku akijifuta kidevu kwa mgongo wa kiganja. "Nilikuwa nasikiliza tu. Watu wengi wana masikio ya kuvalia hereni."

Anacheka peke yake. Ukimjibu, inabidi usimame mbele yake ayaone midomo yako.

Hapo ndipo penye msiba wa nyumba hii. Sikio hasikii. Sauti nene bado zinamfikia, lakini nyembamba zimekwenda zao, moja baada ya nyingine, kama wageni wanaoondoka bila kuaga. Kwanza ilipotea kengele ya mlangoni, kisha vicheko vya wajukuu.

Mwaka jana ukapotea mlio mmoja ambao ndio uliokuwa ukimlisha. Mafundi husema injini "inagonga". Cheche ya plagi ikija mapema kuliko inavyotakiwa, petroli hulipuka pistoni ikiwa bado inapanda, na mlipuko unaipiga kichwani. Mlio wake ni mdogo, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, tena mbali.

Injini ya kawaida huweza kugonga kidogo ikasamehe. Hii haina msamaha. Juu yake imefungwa supachaja, pampu inayozungushwa kwa mkanda na kuishindilia injini hewa nyingi kuliko ambayo ingeivuta yenyewe. Nguvu inakuwa ya ajabu, na joto vilevile. Ikigonga ikaachwa, pistoni inatoboka.

Nayo ilitoboka. Miezi mitatu iliyopita Sikio aliisikiliza injini hii hii, akasema safi. Mwenye gari, dereva mstaafu wa malori, akampakia mkewe wakaenda kuonja mlima. Katikati ya mwinuko pistoni ya tatu ikatoboka, oili ikamwagika hadi kwenye tairi, gari likaserereka kinyumenyume hadi kwenye ukingo wa barabara. Chini ya ukingo ule kuna korongo.

Mzee yule alirudi juu ya lori la kuvuta magari, akiwa mzima na akitabasamu. Mkewe hajaingia tena ndani ya gari lile.

"Petroli chafu, fundi," mzee alisema siku ile. "Kituo kile sitii mguu tena."

Sikio akanyamaza. Leo anakiri kwamba hakuna kitu kilichowahi kumla moyo kama ukimya ule.

Binti yake ndiye aliyeifungua injini. Alikuta vitone vya aluminiamu iliyoyeyuka vimenata kwenye plagi, na kichwa cha pistoni kimechimbika kama kilichodonolewa na kuku. Vile havitokei kwa siku moja.

"Nikamuuliza, 'Baba, hii imegonga muda mrefu. Hukuisikia?'" anasimulia binti. "Akaniambia aliisikia, ila alidhani itatulia. Nikajua ananidanganya. Baba yangu hajawahi kudhani kwamba injini itatulia."

Daktari wa masikio alimweleza Sikio kuwa ni mishipa ya ndani iliyokufa kwa makelele ya miaka thelathini na minne, na mshipa uliokufa haufufuki. Fundi akarudi gerejini akaanza kuuma bisibisi. Aliwahi kuambiwa na mzee mmoja wa kazi kwamba sauti hupita kwenye meno na mfupa hata sikio likiziba. Ni kweli, lakini mwisho wa safari ni kwenye mshipa ule ule. Amepata jino lililomeguka, basi.

"Sikio la kufa halisikii dawa," anasema. "Wahenga walinisema mimi kabla sijazaliwa."

Mikono yake, hata hivyo, haijazeeka. Injini hii ameijenga upya kwa subira inayotia wivu. Silinda zimechongwa upya, pistoni ni mpya. Mwanya wa ringi zinazoizunguka pistoni ameuacha mpana kidogo, kwa sababu ringi zikipata joto la supachaja hurefuka, zikikutana ncha kwa ncha zinapasua pistoni. Supachaja ameifungia puli, gurudumu la mkanda, iliyo kubwa zaidi ili izunguke polepole.

"Mzee anataka kufika, hataki kuruka," anaeleza. "Nimempunguzia nguvu kidogo ili adumu nayo. Nguvu isiyodumu ni ya mlevi."

Injini ikishajengwa, lazima isikilizwe. Zamani alikuwa akimaliza injini nne kwa mwezi. Sasa ni moja, na mkewe anashona mapazia mpaka jioni ili nyumba isimame. Mke huyo anasema umaskini anauweza.

"Siwezi ule ukimya wake," anasema. "Anakaa mezani akiitikia kwa kichwa maneno ambayo hakuyasikia. Nikimsemesha kwa sauti ananiambia nisimpigie kelele. Nikipunguza, anasema namficha mambo. Nimechoka, na yeye amechoka."

Gerejini, binti anaongeza mwendo. Roli zinalia, kuta za bati zinatetema. Sikio ameuma bisibisi yake. Binti anabonyeza kitu kwenye kompyuta, anasubiri, kisha anainua mkono kumuuliza: vipi?

Sikio anafumbua macho. Anainua kidole gumba. Safi.

Uso wa binti unabadilika. Anabonyeza tena upesi, anapunguza mwendo, anazima injini. Anabaki ameshika usukani, kisha anavua hedifoni na kushuka. Anasimama mbele ya baba yake mahali penye mwanga.

"Baba, ilikuwa inagonga."

"Lini?"

"Sasa hivi. Nimeisogeza cheche mapema kidogo, kwa makusudi. Nimeirudisha kabla haijaumia."

Hedifoni zile zimeunganishwa na kidude kilichofungwa kwenye ubavu wa injini, ambacho hunasa kugonga kwa injini hata kuwe kudogo namna gani. Binti alizinunua baada ya ajali, na baba yake hajataka kuzijaribu. Akizijaribu asisikie, kitabaki nini?

"Umenitega, mwanangu."

"Nimekutega. Nisamehe, Baba. Ningefanyaje? Wewe ungesema safi, na mzee angempandisha tena mama wa watu mlimani."

Sikio anaiweka bisibisi juu ya benchi. Anaziomba hedifoni, anazivaa. Binti anaiwasha injini, anaipandisha tena mlima wa roli, anaigongesha kwa sekunde chache. Fundi amekaza uso kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Kisha anazivua na kuzirudisha mkononi mwa binti, na kila aliyesimama hapo anaelewa kwamba mlio wa kokoto hakuusikia.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," binti anajaribu kumtuliza.

"Koleo linauzwa dukani," anajibu, akiligusa sikio lake. "Hebu niambie duka la hili."

Mzee wa malori anafika mchana kuchukua gari. Amekuja peke yake. Anazunguka, anapapasa boneti, anauliza kama petroli safari hii ni safi.

"Mzee wangu, keti," Sikio anamwambia. "Petroli haikuwa na kosa lolote. Injini iligonga, mimi sikusikia. Masikio yangu yamekufa. Nilijua, nikakuficha, nikawaacha mpande mlima."

Mzee anaketi kwenye tairi. Hatukani. Pengine matusi yangekuwa nafuu. Anainua kichwa na kupanua mdomo, na maneno yanamtoka moja moja, kwa kelele, kama anayemsemesha mtoto wa kuachishwa ziwa.

"PO-LE SA-NA, FUN-DI."

Sikio anatazama chini. Mzee anamgeukia binti, na sauti yake inarudi kuwa ya kawaida.

"Mwambie baba yako sina kinyongo. Muulize, nani ameisikiliza safari hii?"

"Mimi," anasema binti.

"Basi sawa. Nitamwambia mke wangu."

Wanazungumza wao wawili kuhusu oili na puli mpya. Fundi amesimama katikati yao, nguo zimelowa oili ya injini aliyoijenga kwa mikono yake, na hakuna anayemtazama. Gari linapotoka, watu wa gereji za jirani wanageuka kulisikiliza. Yeye anaangalia vumbi tu.

Je, atafanya nini sasa? Anasema ataendelea kujenga injini. Binti atazisikiliza, na jina la kwenye mlango litabadilishwa liwe la binti. Ana ombi moja tu kwake: kila injini ikitulia, asiishie kwenye kidole gumba, amweleze kwa maneno inavyolia.

"Hii ya mzee ilikuwaje?" anamuuliza, macho yakiwa mdomoni mwa binti.

"Chini inanguruma, Baba. Ukiipandisha, supachaja inapiga mluzi mwembamba, mrefu. Hakuna kokoto. Ni safi."

Anaitikia kwa kichwa taratibu.

"Akisema safi, nitaamini," anasema. "Sina njia ya kuhakikisha. Na mke wa mzee naye aliniamini hivyo hivyo, akapanda mlima."