Nilivyopima vifaa vya pikipiki ya theluji kwenye mafuta ya maandazi, London

Wakuu, salaam kwenu wote. Leo nipo off, mvua inanyesha, nimeona nilitoe hili moyoni. Chumvi sitaongeza, maana wife anasoma humu na nikidanganya atanirekebisha kwenye comment ya kwanza.

Ni miaka ya mwanzoni ya 2000, tunaishi Woolwich. Kwetu Mwanza nilikuwa fundi wa injini za boti. London nilikuwa fundi wa mopu. Mwaka wa nne nasafisha ofisi, mikono imeanza kusahau spana, na hilo liliniuma kuliko baridi.

Siku moja wife akanituma Southall kununua viungo. Nipo nje ya duka tunabishana kwenye simu kuhusu iliki, mara Kalasinga mmoja mzee akadakia kwa Kiswahili safi kwamba iliki nzuri ipo duka linalofuata.

Ndiye Bwana Jaswant. Mzaliwa wa Kisumu, ana karakana ya pikipiki na mashine za kukatia majani. Nikamwambia na mimi ni fundi. Akanipeleka nyuma, akafunua turubai.

Wakuu, chini yake kulikuwa na pikipiki ya theluji.

Haina matairi. Nyuma ina mkanda kama wa kifaru, mbele ina miguu miwili ya kutelezea. Mteja wake alihama kutoka Canada akaja nayo pamoja na makochi. Yaani London hii, ambako theluji ikianguka kidogo tu treni zinasimama.

Kilichokufa ni kile kipande kinachounganisha kabureta na injini, ambacho hewa na petroli hupitia. Mpira wake ulikuwa umepasuka. Kuagiza kingine ni miezi, na mteja anakuja Jumamosi.

Bwana Jaswant akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe ni fundi ama ni mdomo tu? Tengeneza hii, ikifanya kazi nakuandika hapa."

Kazi ya spana! Nilirudi Woolwich na kile kipande kwenye mfuko wa iliki, sijasikia hata basi lilivyosimama njiani.

Sasa shida ni material. Upande mmoja kipande kinagusa injini ya moto, upande wa pili kinabeba kabureta inayotakiwa kubaki baridi, katikati inapita petroli. Kwa hiyo kivumilie moto, kisipitishe moto, na kisiliwe na petroli. Vyote vitatu.

Maji yanayochemka hayakutosha kupimia, nikataka kitu cha moto zaidi. Mafuta ya kukaangia. Na nyumbani kwetu, kama kwenu, mafuta yakishakaangiwa hayamwagwi. Yanachujwa yanarudi kwenye kopo. Wife yupo kazini, mimi nikashusha kopo.

Bomba la plastiki la sinki: lilijikunja.

Ubao wa plastiki wa kukatia nyama: ukawa uji.

Soli ya kiatu changu cha kazi: kwenye mafuta ilijikaza kiume, kwenye petroli ikavimba kama andazi. Binti yangu aliporudi shule alisimama mlangoni akasema, "Dad, why does it smell like a bus?"

Alumini ya sufuria ya zamani: haikutikisika. Lakini sufuria kazi yake ni kupitisha moto, petroli ingechemka kabla haijafika.

Nikiwa nimekata tamaa nikashika mpini wa kikaango. Ile plastiki nyeusi, ngumu. Wakuu, jiko linawaka na mpini wala hauna habari! Nikaukaanga, hakuna kitu. Nikaulowesha kwenye petroli hadi kesho yake, hakuna kitu. Nikafungua mipini ya vikaango viwili na pressure cooker, nikaikata kwa msumeno, nikaunga pete nene kwa gundi ya kuchanganya. Pete ikakaa upande wa injini kuzuia moto, bomba fupi la alumini likapokea kabureta.

Nilipomaliza nikafanya kosa la karne. Niliyachuja yale mafuta, nikayarudisha kwenye kopo. Sikufikiria kabisa. Mikono ilifanya yenyewe, mazoea.

Ijumaa ilikuwa zamu yetu kupokea kamati ya harusi ya mdogo wake wife. Watu kumi na wawili sebuleni. Wife akakaanga maandazi.

Mwenyekiti aling'ata, akatafuna polepole, akauliza kama unga ni wa hapa hapa. Mweka hazina akalifunga lake kwenye tishu. Wife aliona aibu hadi macho yakawa mekundu. Akaomba radhi, akasema unga umeharibika, akautupa mfuko mzima.

Na mimi, niliyejua ni yale mafuta, nikainuka kumimina chai. Sijawahi kujidharau kama jioni ile.

Jumamosi, Southall, manyunyu. Mashine ipo juu ya matofali, mkanda hewani. Mteja amekuja na mwavuli. Bwana Jaswant akavuta kamba, injini ikanguruma! Mkanda unazunguka, kina mama wenye vikapu wamesimama kutazama. Ilipopata moto, kile kipande kikaanza kunukia iliki, barabara nzima.

Ikanguruma nusu saa nzima. Bwana Jaswant akaweka kiganja kwenye kabureta: baridi.

Mteja akauliza kipande kinavumilia nyuzi joto ngapi.

Namba ya uongo ilikuwa tayari mdomoni, mia tatu. Nikakumbuka macho ya wife pale sebuleni. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba sijui nyuzi, nimepima kwa mafuta ya maandazi tu, na zaidi ya hapo siwezi kuapa.

Mteja akacheka, mimi nikaona kazi imeondoka. Bwana Jaswant hakucheka.

"Mtu kama huyu akisema brake iko sawa, iko sawa," akasema. "Jumatatu kuja na overoli."

Nilirudi nyumbani nikamweleza wife yote, kuanzia kopo. Alininunia siku tisa, ilikuwa haki yake. Siku ya kumi akaandika majina ya wanakamati wote kumi na wawili, tukapita nyumba moja moja, mimi naomba radhi, yeye amesimama nyuma yangu.

Nilichojifunza: moto peke yake si kipimo, uliza kitu kinapakana na nini. Na sema ulichopima, usichopima kiache.

Wajuzi wa plastiki karibuni mnikosoe. Na kama kuna mwanakamati humu ambaye hatukumkuta nyumbani siku ile, samahani mkuu, haukuwa unga.