Ubavu wa Tarugani

Mwalimu Yonamine alifika makaburini amenyoa ndevu na kuvaa nguo zake safi, kama mtu anayekwenda kuzikwa. Hakuna aliyemkaribisha. Kamadu, mjane wa Tarugani, alikuwa ameshatoa jeneza la mumewe nje ya kaburi, na wanawake wa ukoo walishika miavuli ili jua lisiiguse mifupa. Desturi yao ilikuwa kuitoa mifupa ya maiti baada ya miaka kadhaa, kuiosha na kuihifadhi mtungini.

Enzi zake, Yonamine alifundisha kupigana kwa ngumi, na hakuwa na mpinzani pande zote za mji wa Shuri. Jioni moja Tarugani alimsimamisha njiani wapimane nguvu, maana vijana wa mjini ndivyo walivyozoea, wajinga wakubwa. Ngumi moja ya Yonamine ikamkaa ubavuni. Tarugani alirudi nyumbani akicheka, na wiki chache baadaye akafa akitema damu. Wengine walisema kifua kikuu, wengine ngumi. Yonamine mwenyewe hakujua, na kutojua huko kulimtafuna. Aling'oa nguzo iliyofungwa majani makavu, aliyoipiga ngumi kila alfajiri kwa mazoezi, akafukuza wanafunzi, akalima viazi vitamu. Hakuoa.

Sanra, mtoto wa marehemu, alipokua na kuwa mwanamume, akaja kudai damu ya baba yake.

"Subiri mifupa ioshwe," Yonamine alimwambia. "Tukikuta ubavu umevunjika, nitasimama mikono chini, unipige mpaka utosheke."

Basi leo ndiyo leo. Kamadu aliosha kwa pombe kali ya mchele, mfupa mmoja mmoja, akapanga mtungini kuanzia miguu. Sanra alisimama nyuma yake, ngumi zimejaa sugu.

"Mama, fanya haraka."

"Huyu ni baba yako, si viazi. Tulia!"

Akafika kwenye mbavu. Akaosha, akaosha, kisha mkono wake ukasita. Akaufuta upesi ubavu alioushika, akautia mtungini na kuufunika kwa mifupa mingine.

"Zote nzima," alisema. "Kilikuwa kifua tu, mwanangu. Tumalize tukale."

Sanra alishusha pumzi. Lakini Yonamine alikuwa ameona: ufa wenye kingo kali, ambao haukuwahi kuunga. Mjane alikuwa amempa uhai bure, naye alitamani sana kuupokea.

"Shemeji," alisema, "mwonyeshe ule uliouficha."

"Mzee, una wazimu? Nakuokoa, wewe unajirudisha?"

"Mwonyeshe."

Sanra aliingiza mkono mtungini, akautoa ubavu, akautazama. Yonamine alivua koti, akashusha mikono. Kijana alimjia ngumi juu.

"Haya, mpige!" Kamadu alifoka. "Lakini hana mke, hana mtoto. Ukishamuua, mifupa yake ataiosha nani? Itakaa na uchafu wake humo kaburini, na wewe ndiye utakayekuwa umeiacha hivyo!"

Miavuli ikatulia. Sanra aliutazama ubavu wa baba yake, msafi, bado unanukia pombe. Machozi yakamshuka. Ngumi ikalegea kidogo kidogo.

"Ukifa nitakuosha mimi," alisema. "Ila mkono wako wa kulia, uliompiga baba, nitauacha mpaka mwisho kabisa. Usubiri."

Yonamine aliinamisha kichwa, akakubali.

Alikufa mzee sana, na siku ya kuoshwa mifupa yake ilipofika, Sanra alikuja na mtungi wa pombe. Wanawake wakamsogezea mifupa ya miguu kwanza, kama desturi ilivyo. Akaisukuma pembeni, akaanza na mkono wa kulia.