Kunyonya kwa Jirani

Mwanangu alikuwa na miezi mitano alipoamua kwamba kikombe si chombo cha mtu mwenye heshima zake. Nilikuwa nimejaribu kila njia: kikombe kidogo, kijiko, hata chupa niliyoinunua Kona ya Musa kwa muuzaji aliyeniapia kwamba watoto wote wa Ukunda wanaipenda. Maziwa yenyewe yalikuwa yangu, niliyakamua alfajiri nikayafunika vizuri. Aliyaonja, akayatema, kisha akanitazama kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake.

Ningekuwa mama wa kukaa nyumbani, ningecheka yakaisha. Lakini nilikuwa mwalimu wa Gredi ya Kwanza katika kijiji cha ndani, mbele ya Jego, na kazi ile niliingoja miaka mingi tangu nitoke chuoni. Barua iliponifikia niliisoma nimesimama, nikapiga vigelegele peke yangu jikoni mpaka mtoto akaamka. Mume wangu ana kazi hotelini Diani na hakuweza kuhama, basi nilifunga mizigo, nikambeba mwanangu, nikaenda.

Nilipanga chumba katika ua wa mke wa mkulima mmoja wa korosho. Mama huyo, sasa jirani yangu wa mlango kwa mlango, alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka michache, nami nikimwita dada. Alikuwa na mabinti watano, wa mwisho bado ananyonya. Kutwa alikaa uani akishona makuti, mikono ikienda bila yeye kuitazama, na ndiye aliyebaki na mwanangu nikiwa darasani.

Kutoka darasani hadi ua ule ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu wa kawaida. Mimi nilitumia sita, leso kiunoni na viatu mkononi. Nilikimbia mapumziko ya kwanza, nikakimbia mapumziko ya pili, nikarudi ninahema, gauni limelowa kifuani, nikakuta ubaoni neno nililoliacha nusu na watoto arubaini wakipigana kwa vifutio. Kila mara nilichelewa. Nilijidanganya kwamba hakuna anayeona, kumbe kijiji kizima kilikuwa kikinitazama nikikata mbio katikati ya mihogo yao.

Jumatatu moja mwalimu mkuu aliniita. Alikuwa mzee mpole, na upole wake ndio ulionitia hofu.

"Mwalimu, mtoto ni neema, simkatai," alisema. "Lakini wazazi wamekuja kwangu. Wanasema watoto wao wanafundishwa nusu nusu, nami sina mtu wa kukushikia darasa."

"Naelewa, mwalimu."

"Nakupa mpaka Ijumaa. Kama hujapata njia, itanibidi niandike ofisini waniletee mwengine. Sitapenda, wallahi."

Nilimshukuru, nikatoka. Nilikuwa nimekasirika, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Wazazi walisema kweli. Mzee alisema kweli. Mtoto naye, ungemweleza nini?

Jumanne nilijaribu kikombe tena. Akakipiga teke.

Jumatano mvua ikanyesha. Si manyunyu, ilikuwa mvua ya kukufanya upaze sauti ili mtu wa dawati la mbele akusikie. Kijito kilichopo kati ya shule na nyumba kilijaa, na kwa mapumziko yote mawili sikuweza kuvuka. Nilisimama mlangoni mwa darasa kifua kinaniuma, nikimwona mwanangu kwa macho ya moyo amelia mpaka sauti imekauka. Watoto waliniimbia ili nisihuzunike. Saa tisa maji yalipopungua nilivuka na tope hadi magotini, nikaingia uani ninaita.

Alikuwa amelala. Tumbo limejaa, mdomo wazi, jasho dogo puani. Jirani alikuwa kando yake na makuti mapajani, ila mikono ilikuwa imesimama. Hakuniangalia.

"Nimekukosea, mwalimu," alisema.

"Kuna nini, dada?"

"Alilia mpaka akawa hana pumzi. Sikuweza. Nimempa ziwa langu."

Nitasema kweli: kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa wivu. Wivu mchungu, wa kitoto. Mimi nimekataliwa kikombe cha maziwa yangu mwenyewe, na huyu mtoto kumbe ananyonya kwa mtu mwengine na kulala fofofo! Kisha nikamtazama yule mama, alivyoinama kama mwanafunzi aliyevunja dirisha, nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini na tope langu.

Yeye hakucheka. "Sikiza kwanza," alisema. "Mara moja si kitu. Lakini akinyonya akashiba mara tano, anakuwa mwanangu. Wewe unajua dini. Mabinti zangu watakuwa dada zake, hataoa hata mmoja, milele. Mimi niko tayari, utakwenda shule usirudi mbio. Ila hili si la wanawake peke yetu. Mume wangu ajue, na mumeo ajue, na wote waridhie."

Nilijua, bila shaka. Nimesoma madrasa. Ila sikuwahi kufikiri kwamba ile hukumu niliyoikariri utotoni ningekuja kuikuta imekaa uani inashona makuti. Hii ndiyo ilikuwa njia! Lakini ilikuwa njia isiyo na kurudi nyuma, na ilikuwa Jumatano.

Simu ilipata mtandao mahali pamoja tu, karibu na kisima, ukisimama juu ya jiwe. Nilipanda jiwe kabla ya magharibi nikampigia mume wangu. Nilimweleza yote bila kuvuta pumzi. Nikasikia kicheko.

"Mtoto ana miezi mitano, ushamfungia milango mitano!"

"Usifanye mzaha. Nijibu."

"Hao mabinti wazuri?"

"Wewe baba!"

Alipozungumza tena sauti ilikuwa nyengine. "Mimi siko hapo," alisema. "Akilia hata simsikii. Kama kuna mtu hapo hawezi kuvumilia kilio chake, basi ni mama yake. Mimi nimeridhia. Mwambie mumewe nitakuja kumwamkia mwenyewe."

Niliteremka jiweni kwa kuruka. Jirani alikuwa ameshazungumza na mumewe, naye alisema maneno mawili tu: kheri, inshallah.

Alhamisi nilifundisha. Sijui nikueleze vipi mtu ambaye hujawahi kuifanya kazi hii. Nilifundisha asubuhi nzima, kipindi kwa kipindi, bila kutupa jicho njiani. Kengele ya mapumziko ilipolia nilibaki na wale wasioshika, na mmoja akauliza kwa mshangao, "Mwalimu, leo hukimbii?" Nikamwambia leo sikimbii. Kabla ya saa sita darasa zima lilisoma sentensi nzima kutoka ubaoni, kwa sauti moja, mpaka Gredi ya Tatu wakagonga ukuta wa mabati kulalamika. Niliwasomesha tena kwa makusudi. Nilikuwa na furaha ya kutaka kumpiga mtu kofi.

Siku hiyo alinyonya kwa jirani mara mbili. Ijumaa asubuhi ikawa ya nne. Mwalimu mkuu alipita mlangoni kwangu kabla ya swala, akasimama, akasikiliza watoto wakisoma. Nilimwambia nimepata njia, nikamwambia ni njia gani. "Basi mtoto amepata kwao," alisema, akaenda zake kutawadha. Barua haikuandikwa.

Ya tano niliomba nami niwepo. Jioni hiyo mume wa jirani alimpakata mwanangu, akamsomea dua fupi, akamrudisha kwa mkewe, akatoka kutuachia ua. Nilikaa mkekani nikimtazama akinyonya. Alinyonya kwa fujo zake zile zile, mkono juu ya kifua cha mama yule, akapunguza mwendo, akaachia. Imekwisha. Dada zake wanne wakubwa walikuwa wamemzunguka wakigombea vidole vyake. Nilimfurahia sana, na papo hapo nikahisi nimebaki mikono mitupu, kifua kimejaa maziwa ya mchana mzima yasiyo na mwenyewe.

Jirani aliliona hilo kabla sijasema neno. Alimlaza mwanangu, akamnyanyua binti yake mdogo aliyekuwa akilialia kwa kuona ziwa lake limekwenda kwa mwengine, akaniwekea mapajani.

"Na wako huyu," alisema. "Ana njaa."

Mtoto alinitazama mara moja, mimi mgeni mkubwa wa shule, kisha akafungua mdomo. Nikalia pale pale mkekani, mbele yao wote, wala sikujificha.