Wakwe Nyuma ya Koni

Mtaani walimwita Taratibu, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akiendesha lori la tangi la kubebea tindikali, mzigo ambao, kama alivyopenda kusema, haupokei radhi. Barabarani tabia yake ilimfaa. Balaa lilikuwa nyumbani. Viberiti vya wageni viliachwa mlangoni, na kikaango kikitoa moshi kidogo tu, familia nzima ilitoka nje kwa mstari ikahesabiwa.

Mchumba wa kwanza wa bintiye alizungushwa nyumba nzima kuonyeshwa njia za kukimbilia moto ukizuka. Akaitumia ya karibu zaidi, hakurudi. Wa pili alivalishwa kofia ngumu kabla ya kuketi. Huyo hata chai hakumaliza. Binti, muuguzi mwenye subira ya kazi yake, safari hii alisema wazi.

"Baba, huyu wa tatu nampenda. Akikimbia, mimi nahamia kwa shangazi. Usimkague."

"Nimkague, kwani yeye tairi?"

"Hicho ndicho ninachokuuliza."

Jumamosi wageni walitarajiwa saa nne asubuhi. Saa tatu na nusu, Taratibu akiwa kilomita mbili tu kutoka nyumbani, bomba la hewa la breki likaanza kuvuja. Akaegesha kando, akapanga koni za kuonya magari, akamwita fundi, kisha akapanda ndani ya lori kubadili shati. Kwenda nyumbani hakukuwezekana: dereva haachi mzigo wa namna ile peke yake.

"Basi tunakuja huko huko," mkewe alisema kwenye simu. "Na ole wako."

Wakaja kweli: mkewe, binti, kijana mwenyewe, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mama wa kijana, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Taratibu, shati jeupe likichungulia chini ya koti la kung'aa, akawasimamisha nyuma ya koni, upande unakotoka upepo.

"Karibuni sana! Msisogee!"

"Tushike lipi, baba?" mama wa kijana akapaza sauti. "Mwanangu anaoa au anakamatwa?"

Binti akatazama viatu vyake. Taratibu alikuwa na maswali kumi na moja kichwani, kuhusu macho ya kijana, usingizi wake, na ajali alizowahi kupata. Akafungua kinywa, akamwona bintiye, akakifunga.

Kijana, kwa kukosa la kufanya, akaanza kusoma kwa sauti maandishi makubwa ya ubavuni mwa tangi, kidole kikifuata mistari hewani kama yuko mbele ya darasa.

"Namba nne. Gari likisimama, weka kabari kwenye magurudumu." Akainama, akachungulia. "Samahani, baba. Kabari ziko wapi?"

Zilikuwa chini ya kiti. Haraka ya kubadili shati ilimsahaulisha kuziweka, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu ashike usukani. Mkewe akaziba mdomo. Haikujulikana kama ni kwa hofu au kicheko. Taratibu akazitoa, akapiga magoti, akazisukuma chini ya magurudumu, na shati likapata alama ya grisi kifuani. Kisha akatoa daftari la makosa, akaandika huku akitamka, maana ndivyo alivyozoea.

"Dereva kasahau kabari. Aliyegundua..." Akainua macho. "Nikuandike nani?"

Kijana akamtazama binti. "Niandike mkwe."

"Ana haraka huyo!" mamake akafoka.

Taratibu akaandika, herufi moja moja, bila kuuliza zaidi. Akaondoa koni moja.

"Pita, uje utie sahihi."

"Na sisi je?" wakauliza wanawake watatu kwa pamoja.

"Nyinyi," alisema Taratibu akiirudisha koni, "mmekagua nini?"