Kiraka cha Boya la Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana ya ndege ya Seven Hills, ng'ambo ya bahari katika nchi iliyonipokea, nilifika mapema mno, nikakuta geti limefungwa. Nilitoka Bukavu, ambako nilikuwa fundi bati wa ndege ndogo za mizigo, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Msimamizi wa mafundi, mzee mkali mwenye masikio mazito, hakuniuliza cheti. Alinipa kipande cha chuma kizito kama mche wa sabuni, akanionyesha kwa kidole niingie ndani ya bawa.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo huenda mkahitaji kuelezwa. Bati la ndege zile tulikuwa hatulichomelei, tulilishona kwa riveti, yaani pini fupi za alumini. Mmoja anakaa nje na nyundo ya upepo, mwenzake anakaa upande wa pili akiukinga mkia wa riveti kwa kile chuma, ili ubonyee na kushika. Hamuonani, na kelele ya nyundo inaziba masikio. Kwa hiyo aliye ndani huzungumza kwa kugonga bati: mara moja, imeshika; mara mbili, ongeza kidogo; mara tatu, imeharibika, itoe. Lugha hiyo niliikuta Seven Hills ileile niliyoiacha Bukavu. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka mle ndani ya bawa, na bahati nzuri hapakuwa na wa kuniona.

Baadaye nilihamia karakana ya St Marys, nikawa fundi kiongozi. Nilipokaribia kustaafu wakaniita Villawood kwenye mradi wa kukarabati ndege ya Kijapani ya kuwekwa makumbusho. Meneja wa mradi alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa maneno, aliyeshika riveti miaka mingi kabla ya kupanda ofisini.

Ilikuwa ndege ya jeshi ya kutua majini, yenye maboya mawili makubwa badala ya magurudumu. Wakati wa vita vya dunia ilipeleleza visiwa vya kaskazini mwa nchi hii: alfajiri inaruka kutafuta meli, mchana imefichwa ufukweni chini ya matawi. Ilipigwa risasi ikiwa imetia nanga, ikazama. Wazamiaji waliiinua kwa mifuko ya hewa, wakatuletea imeviringishwa mablanketi mabichi, maana alumini iliyotoka baharini ikiachwa ikauke, chumvi inaitafuna. Tuliiloweka miezi mingi kwenye maji yasiyo na chumvi, tukiyabadilisha kila mara. Mimi niliyekimbia vita sikuipenda. Niliiosha kwa kuwa ndiyo kazi niliyopewa.

Kisha tukafika kwenye boya la kushoto, tukakuta kiraka kilichoshonwa huko vitani, kabla ndege haijazama. Bati lake lilikuwa la aina nyingine, limekatwa kwa mkono, kingo zimepinda. Mwenzangu wa riveti, Wanjiru, Mkenya mwenye utani mwingi, alisema kimeshonwa na mtu mwenye njaa. Lakini kesho yake alikuja bila utani.

“Mzee, hiyo patch inatolewa Monday. Meneja anataka bati mpya. Visitors wanakuja kuona ndege, si viraka.”

“Bado,” nikamwambia. “Aingie kwanza mle ndani, akiguse.”

Nilikuwa nimeingia mwenyewe kupitia upande uliovunjika, nikapapasa mikia ya riveti zile. Yote ilikuwa imebonyea sawasawa, mviringo. Mtu mmoja peke yake hawezi. Kuna fundi wa Kijapani aliyejipenyeza mle kupitia tundu dogo la ukaguzi, katika joto la visiwa, akakinga kila riveti huku mwenzake akipiga nje. Majina yao hayapo popote. Tukikata kiraka kile, hakuna kitakachobaki cha kuonyesha kwamba waliishi. Nilijikuta nawaonea huruma, na jambo hilo lilinishangaza mimi kuliko mtu yeyote.

Meneja alikuja Ijumaa, akasema ana dakika chache na anataka sababu ya maana. Nikamwomba tu aingie. Alivua koti, akatambaa ndani akinung'unika. Mimi nikasimama nje, kiganja kwenye kiraka, Wanjiru kando yangu.

Manung'uniko yakakoma. Tukasikia vidole vikipita kwenye bati, polepole. Kisha bati likagongwa mara moja. Tukangoja. Halikugongwa tena.

Kiraka hakikutolewa. Leo nimestaafu, na huwa nawapeleka wajukuu kukiona. Nawaeleza kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza, tunaelewana vizuri tu. Wale wakubwa miongoni mwao wakiniuliza kwa nini nalinda kazi ya jeshi lililokuja kuipiga nchi hii, nawaambia mimi silindi jeshi. Sijui kama mafundi wale wawili walirudi kwao. Ninachojua ni kwamba yule wa ndani, kwa kila riveti, aligonga mara moja.