Nota Zilizosafishwa

Riyadh niliishi na vitabu zaidi kuliko watu. Chumbani mwangu mlikuwa na kitanda, fidla, jiko la gesi, na rafu mbili zilizopinda kwa uzito. Rafu ya juu ilikuwa ya maisha ya watunzi wa muziki wa Kizungu. Nimewasoma wote na nawajua kama majirani: kila mmoja ana kikohozi, wivu, na mke aliyechoka. Rafu ya chini ilikuwa ya nota. Hiyo haikuguswa na mtu, na aliyetaka kujua hasira zangu zikoje angejaribu tu.

Mie Mzanzibari, mpiga fidla, na napiga vizuri. Nalisema bila haya, maana nimechoka na watu wanaojishusha ili wasifiwe. Mwalimu wangu alikuwa mzee wa taarab aliyejifunza kusoma nota ukubwani, akaingiwa na mapenzi ya koncheto, yaani ule muziki ambao fidla moja husimama mbele na okestra nzima ikaisindikiza. Alikuwa na kitabu cha koncheto moja tu. Alinipa nilipopata mkataba wa kufundisha Riyadh, na akafariki kabla sijarudi likizo ya kwanza. Kila mstari ulijaa alama zake za penseli: hapa upinde ushuke, hapa upande, hapa kianze kidole cha pili. Hakuniachia picha wala barua. Aliniachia hizo alama.

Kisha kafili, mdhamini wangu wa kazi, akaniita. Wazazi sasa wanataka gitaa, akasema, fidla mafi, hakuna tena, halas. Ikama yangu, kile kibali cha kukaa nchini, ilikuwa imebakisha miezi michache. Jeddah nako kulikuwa na okestra changa iliyotafuta kiongozi wa wapiga fidla. Kiongozi si wa kupiga tu. Yeye ndiye anayeamua upinde uende wapi, na wenzake wote wanamfuata, mikono ikapanda na kushuka pamoja. Wakaniandikia: njoo Jumamosi, na uje na nota zenye alama zako mwenyewe, tuone unavyofikiri. Mimi alama zangu zilikuwa zile za mzee. Nikikikosa kiti kile, ni kurudi nyumbani. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo wasemavyo, lakini kwetu nani angenisindikiza kwa koncheto? Nilikitaka kiti kile kwa roho yangu yote.

Kitabu kilikuwa kimefumuka mgongo. Rafiki yangu mmoja, mwanamke wa Mombasa, fundi wa kushona nguo za kike Jeddah, alikuja Riyadh harusini akakiona. "Nipe nikakushonee," akasema. "Utakikuta kwangu ukija." Nikampa. Mtu ataniuliza, hukupiga picha kwa simu kwanza? Sikupiga. Hata haikunijia kwamba penseli inaweza kuondoka.

Nilifika kwake Jeddah, mtaa wa Bani Malik, siku ya Alhamisi. Kwetu pwani chombo cha mtu hakirudishwi kichafu wala kitupu. Sahani ya jirani huoshwa, ikatiwa chochote, ndipo ikarudi. Basi kitabu changu niliwekewa mezani kimefungwa kwa kanga mpya, na juu yake kibati cha halua. Mgongo umeshonwa vizuri mno, uzi hauonekani. Nikafungua.

Kurasa zilikuwa nyeupe pee. Nota zilizopigwa chapa zipo, alama hata moja hakuna.

"Nimekusafishia," akasema, uso unamng'aa kwa furaha. "Wale watoto wako wa darasani wamekichora chote, maskini! Nimetumia kifutio, na palipogoma nikasugua kwa nyama ya mkate wa boflo."

"Umeniua," nikamwambia. "Wallahi umeniua!"

Nilipiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga dari. Nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa. Mwenzangu alisimama tu, mkono mdomoni, hajui kosa lake ni lipi. Nilipomwambia kwamba ule ulikuwa mkono wa mwalimu wangu, na kwamba Jumamosi natakiwa niuonyeshe, alikaa chini sakafuni akalia.

"Yalaiti ningejua," akasema.

"Yalaiti haipigi fidla!"

Nilikipeleka kitabu dirishani, nikakiinamisha huku na huku, labda mchirizi umebaki. Haukubaki. Huyu mwanamke akifanya kazi, anaifanya kwa ikhlasi.

Ijumaa, baada ya sala, alikuja na penseli ameichonga. "Weye piga," akasema. "Mie ntaandika."

"Utaandika nini, na nota huzijui?"

"Mkono wako nauona. Ukipanda naandika umepanda, ukishuka naandika umeshuka. Kwani hiyo ni elimu ya mbinguni?"

Nilitaka kumkatalia, ila nilikuwa sina la kufanya, na mimi siwezi kupiga na kuandika kwa wakati mmoja. Nikamfundisha alama mbili, ya kupanda na ya kushuka, nikamwonyesha kwa kidole kila mstari unapoanza. Nikapiga kidogo, nikasimama, nikamtajia, nikapiga tena. Vidole vyangu vilikumbuka kuliko nilivyodhani. Palikuwa na mahali, katikati ya ukurasa wa nne, mkono uliukataa upinde wa mwalimu na kwenda njia yake. Miaka yote nilikuwa namfuata pale kwa heshima tu. Nikamwambia mwenzangu aandike wa kwangu, na sikuona vibaya.

Jirani akagonga dari tena. Mwenzangu akamjibu kwa kisigino.

Tulipofika ukurasa wa polepole, sikumtajia kitu. Nilipiga tu, moja kwa moja, na nikamkumbuka mzee wangu na koti lake, na namna alivyokuwa akifumba macho nikikosea, asinitie aibu. Machozi yakanitoka juu ya fidla. Mwenzangu aliendelea kuandika.

Tulipomaliza nikakitazama kitabu. Yarabi! Alama zimepangika, lakini pembeni kila nililolisema nalo liko. "Taratibu, unakimbizwa na nani?" "Kidole cha tatu, mjinga we." "Hapa panauma bega."

"Nani kakwambia uandike haya?"

"Umeyasema. Mie mara ile nilichagua cha kuondoa, nikaharibu. Leo sichagui."

Nikacheka, na hasira zikaniisha.

Jumamosi nilisimama mbele ya mwongozaji wa okestra, Mwarabu wa Sham mwenye mvi, na mpiga piano wake. Nilijua napiga nini. Sehemu ya kwanza ilikwenda kama nilivyotaka, na upinde wangu wa ukurasa wa nne ulilia vizuri kuliko nilivyowahi kuusikia. Nikafunua ukurasa wa polepole. Juu kabisa, kwa mwandiko wa mwenzangu, kulikuwa na mstari ambao mimi sikuusema: "Hapa umelia. Piga hivi hivi."

Nikapiga hivyo hivyo.

Nilipomaliza, mwongozaji alikichukua kitabu. Akafunua ukurasa mmoja baada ya mwingine, kalamu yake ikifuata alama hewani. Mpiga piano akaniangalia, nikamwangalia na mimi. Shingo sikuipinda.

"Upinde huu wa ukurasa wa nne," akasema, "nani kakufundisha?"

"Wangu mwenyewe."

Akatikisa kichwa taratibu, akaendelea kufunua. Kisha akaweka kidole pembeni. "Na maandishi haya?"

"Kiswahili."

"Alama zitanakiliwa kwa wapiga fidla wote," akasema, akinirudishia kitabu. "Lakini maneno haya yafute, wenzako hawataelewa. Kesho asubuhi njoo na nota safi, tuanze kazi."

Tuanze kazi. Nililisikia vizuri. Nikakibana kitabu kifuani.

"Kesho nitakuja, bosi," nikamwambia. "Kufuta, mafi."